Kuprogramu tanuri la umeme la kupumzisha shanga za kioo, kwa sie tulioko visiwani

Ushanga wa kioo ukitoka kwenye moto wa tochi ya gesi unaonekana umeshakwisha, kumbe ndani bado. Nje kunapoa mwanzo kunakaza, ndani bado kuna moto na kunataka kunywea, basi pale pale vinaanza kuvutana, na mvutano ule ukibaki mle ndani ushanga unaweza kupasuka hapohapo mezani au ukakaa mzima miezi, mgeni kaununua kaondoka nao kwao, siku moja uko shingoni unakatika vipande viwili. Hili la pili mie ndo linaniuma zaidi, manake mteja hakuoni tena na we hujui kama kazi yako imevunjika. Kuufukia kwenye majivu au kuufunika blanketi la nyuzi za kauri kunasaidia usipasuke haraka lakini mvutano hakuutoi. Anayeutoa ni tanuri, linaushikilia ushanga kwenye joto halafu linaupoza polepole, ndo huko kupumzisha, na tanuri linafanya kile ulichokiandika kwenye kontrola (kile kisanduku chake cha vitufe kinachoongoza joto) basi, si zaidi.

Watu wengi wanataka namba tu. Namba ntazitoa, ila mwanzo jua programu yoyote imejengwa kwa hatua, na kila hatua ina vitu vitatu: spidi (digrii ngapi kwa saa, kupanda au kushuka), joto la kufikia, na muda wa kukaa pale lilipofika. Ukishavielewa vitatu hivi hata ukipewa tanuri la mtu mwengine la kampuni nyengine hupotei.

Hii ndo programu ya fimbo laini za kutoka Murano, Effetre, zile za namba ya kutanuka 104 (namba inayoonyesha kioo kinatanuka kiasi gani kikipata joto), kwa shanga zisizozidi kama milimita 12 unene, unazitoa motoni unaziingiza tanurini bado za moto. Zote sentigredi:

Hatua 1: panda 280 kwa saa hadi 515, kaa masaa 5 (ndo muda unaofanya kazi, ukimaliza mapema unairuka)
Hatua 2: bakia 515, kaa lisaa 1
Hatua 3: shuka 55 kwa saa hadi 425, usikae
Hatua 4: shuka 100 kwa saa hadi 370, halafu lijizime

Lile lisaa la hatua ya 2 linahesabiwa tokea ushanga wa MWISHO umeingia. Ule wa asubuhi umeshapumzika zamani, ila ule wa mwisho hata dakika haujapata, na tanuri haliwezi kujua hilo, wewe ndo wa kulijulisha.

Kwanini 515? Kwenye joto hilo kioo hiki hakiyeyuki na umbo halipotei, lakini ndani kimelegea kiasi kwamba mvutano unaisha kwa dakika chache tu. Kukishuka chini ya kama 450 kimeshajifunga, mvutano uliobaki ndo wa kudumu. Kwahiyo pale kati, 515 mpaka 425, ndo panapoamuliwa ushanga wako utapona au la, pale usifanye haraka hata kama umechoka na unataka kuona rangi zimetokaje. Chini ya 370 hatari iliyobaki ni ya kupasuka kwa kupoa ghafla, na tanuri la matofali likifungwa mlango linashuka lenyewe polepole. Kama lako limezungushiwa nyuzi za kauri tupu bila matofali linapoa mbio, ongeza hatua ya 5: shuka 150 kwa saa hadi 100.

Sasa unene, na hapa ndo nawaomba sana msipite haraka. Programu inaandikwa kwa ajili ya ushanga mnene kuliko wote uliomo ndani. Ukiwa na vishanga arubaini vya milimita 8 na kimoja cha milimita 25, basi hiyo ni programu ya milimita 25, kwisha. Joto linatoka nje kwa kupitia kwenye kioo chenyewe, na kioo kinapitisha joto kwa uvivu, ukiongeza unene mara mbili muda unaohitajika unazidi mara mbili. Angalia jadweli la Bullseye, kiwanda cha kioo cha Marekani, wao kioo chao ni cha namba ya kutanuka 90 na kinapumzika 482: kipande cha bapa cha milimita 12 wanasema kaa masaa 2, shuka 55 kwa saa hadi 427, halafu 99 kwa saa hadi 371. Kipande bapa kimelala juu ya shelfu, ushanga unapoa pande zote na una tundu katikati, ndo maana kwenye ushanga wa unene huo mie naona lisaa limoja linatosha. Lakini wa milimita 25 naupa masaa 2 mpaka 3 na nashuka 25 kwa saa, na sioni umeme uliopotea hapo. Zile shanga ndogo za kioo zilizofukuliwa Unguja Ukuu zina miaka zaidi ya elfu moja na nyingi bado nzima, na ni vidogo vya milimita chache tu, kitu chembamba hivo joto la ndani na la nje halipishani sana kwahiyo mvutano wenyewe mdogo. Hizi kubwa tunazotengeneza sie skuizi kwa ajili ya wageni ndo hazina msamaha.

Kioo kingine, joto jengine. Boro, kile kioo kigumu cha vyombo vya maabara (namba ya kutanuka 33), kinapumzika kwenye 565. Usithubutu kukichanganya na cha 104 tanuri moja, kwa sababu kwa 565 cha 104 kitakaa chini na kuota alama za shelfu, na kwa 515 boro litakuwa halijapumzika. Chupa je, hizi zinazojaa kutoka mahotelini Nungwi na Paje? Kioo cha chupa ni kigumu kidogo kuliko fimbo za Murano, anzia 545, lakini kila kiwanda kina mchanganyiko wake, hivo shanga za chupa moja zipike na chupa ya aina ileile, usiunganishe kijani cha hii na nyeupe ya ile kwenye ushanga mmoja. Ukizitoa ukakuta zina alama pale zilipogusa au zimebonyea chini, teremka digrii 10 na ongeza nusu saa ya kukaa. Kukaa muda mrefu kwenye joto la chini kidogo kunafanya kazi ileile.

Tuje kwenye kubonyeza vitufe vyenyewe. Cha kwanza kabisa angalia kontrola imesetiwa farenihaiti au sentigredi. Matanuri mengi yanatoka Marekani, na miongozo yao inasema 950 au 960, hiyo ni farenihaiti, sawa na 510 na 515 yetu. Ukiandika 950 wakati kontrola ipo sentigredi utakuta shanga zako zimekuwa dimbwi juu ya shelfu. Cha pili, muda wa kukaa: kontrola nyingi za Kimarekani zinasoma saa na dakika, kwahiyo 1.30 ni lisaa na nusu, na ukitaka nusu saa unaandika 0.30, ukiandika 0.50 umeipa dakika hamsini. Na wakikwambia spidi ni 9999 au FULL maana yake nenda kwa nguvu zako zote, hiyo usiitumie kushukia kwenye hatua ya 3 hata siku moja.

Kontrola za Kichina hazikuulizi spidi. Zinakuuliza joto la kuanzia, halafu dakika za kufika joto linalofuata, kwahiyo lazima upige hesabu mwenyewe: tofauti ya joto gawa kwa spidi, zidisha 60. Kutoka 515 hadi 425 ni digrii 90, gawa kwa 55, zidisha 60, dakika 98. Kutoka 425 hadi 370 kwa spidi ya 100 ni dakika 33. Kupanda kutoka 30 hadi 515 kwa 280 ni dakika 104. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani karibu na tanuri. Na nyengine kati ya hizi saa inakwenda tu hata kama joto halijafika, hapa kwetu hilo ni tatizo la kweli kwa sababu jioni kila nyumba imewasha na umeme unalegea. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 200 nguvu ya tanuri inabaki kama robo tatu tu, si kwa sababu limeharibika. Kwenye kontrola tafuta ile seti ya kusubiri mpaka joto lifike ndo iendelee, iwashe. Kama haipo, panda polepole zaidi, au anza kazi asubuhi.

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, yaani kwa 230 ni kama kilowati 3 za juu kabisa, tanuri likikaribia hapo fundi alivutie laini yake. Ekstensheni iliyozongwa kwenye roli usitumie, inaungua. Na hewa ya bahari inakula sehemu za kuungia waya, kila baada ya muda zima, chomoa, fungua nyuma utazame kama kumeota kutu ya kijani. Hapo hapo angalia kile kijiti cha kupima joto: ncha yake lazima ichomoze ndani ya tanuri, ikirudi nyuma ndani ya tofali itasoma joto la chini na kontrola itazidi kuchochea. Namba unayoiona kwenye skrini ni ya ile ncha, sio ya ushanga ulio karibu na mlango. Shanga usizipange mlangoni kabisa, kule ndo kunapoa kila ukifungua kijidirisha cha kuingizia shanga.

Kabla hujaingiza ushanga, uache ule wekundu wa moto uondoke, hesabu sekunde chache, ukiuingiza bado mwekundu utanata na mwenzake. Lakini usiupeleke mbali, uingie bado una joto.

Umeme ukikatika? Tunaujua huu mtihani, Unguja nzima tulikaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa chini ya bahari ulipoharibika. USIFUNGUE MLANGO, ndo kitu cha kwanza na cha pili. Tanuri la matofali lililofungwa linashusha joto taratibu na shanga nyingi zitapona. Umeme ukirudi baadhi ya kontrola zinaendelea zenyewe na nyengine zinasimama na kuonyesha alama ya hitilafu, soma kitabu chako mapema ujue yako ni ipi. Kisha rudia programu yote, panda kwa 200 kwa saa hadi 515, kaa lisaa, shuka kama kawaida. Kupumzisha mara mbili hakuharibu ushanga. Na kabla ya kuwasha tizama yuniti kwenye mita, tanuri la kilowati 2 kwa masaa 10 haliwezi kuzidi yuniti 20, kwa kweli litakula pungufu maana linawaka na kuzima, lakini pigia hesabu ya juu ili zisikuishie usiku katikati ya hatua ya 3.

Asubuhi likishafika joto la chumba ndo unafungua. Shanga unazitoa kwenye vile vijiti vya chuma ulivyozizungushia ukiwa umezitia majini, na tundu unalisugua humohumo kwenye maji, vumbi la ule udongo mkavu uliopakwa kijiti ili kioo kisigande si zuri kwa mapafu.

Kujua kama umefanikiwa hauhitaji mashine. Chukua miwani ya jua ya polaroidi, washa skrini ya laptopu iwe nyeupe tupu, zungusha miwani mbele ya skrini mpaka ione giza, sasa weka ushanga wa rangi ya kupenyeza katikati ya skrini na miwani. Ukiwa umepumzika vizuri utabaki giza kama sehemu nyengine ya skrini. Ukiona mwanga unang'aa pembeni au karibu na tundu, mvutano upo. Shanga zisizopenyeza huwezi kuzipima hivi, kwahiyo kila mkupuo tengeneza mmoja wa kioo cha kupenyeza kisicho na rangi, mnene kama ule mnene wako kuliko wote, uuweke pamoja nao ndo uwe shahidi. Ukikutwa unang'aa, rudisha wote tanurini, ongeza lisaa kwenye hatua ya 2 na kwenye hatua ya 3 shuka kwa 30 badala ya 55, ukitoka upime tena kabla hujapeleka dukani.