Kuunda na Kupima Feni ya Rota Mbili Zinazozunguka Kinyume

Feni ya rota moja, yaani seti moja ya mapanga yanayozunguka, huisukuma hewa mbele na papo hapo huisokota, na nguvu iliyoingia katika msokoto huo hupotea bure ndani ya bomba. Rota ya pili, inayozunguka kinyume nyuma ya ile ya kwanza, huunyoosha mkondo na kuugeuza msokoto kuwa shinikizo. Usidhani basi kwamba yatosha kununua feni mbili za aina moja pale Mwembe Tayari, Mombasa, na kuigeuza moja: ukiigeuza itapuliza upande wa pili, na ukibadilisha pia mzunguko wa mota, mapanga yatakata hewa kwa mgongo. Rota ya pili sharti ichongewe mapanga yake.

Hewa hulifikia panga la pili ikizunguka kinyume nalo, hivyo kasi inayolikabili ni kubwa zaidi. Lilaze zaidi kuelekea bapa la mzunguko kuliko la kwanza, au uipunguzie rota yake kasi. Idadi ya mapanga isiwe na kigawo cha pamoja, mathalani 7 mbele na 5 nyuma, maana zikilingana mapanga hupishana yote kwa wakati mmoja na kelele huzidi. Mwanya kati ya ncha na bomba uwe mdogo kadiri fundi awezavyo. Ukichapa mapanga kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA, usiyaache juani chini ya mabati ya Changamwe, kwani hulainika karibu na nyuzi 60.

Upepo unaousikia usoni si kipimo. Feni ivute hewa kutoka katika sanduku lisilovuja, hewa ikiingia kupitia mdomo uliopanuka kama tarumbeta. Manometa ya maji, yaani kipimo cha shinikizo, mdomoni hapo itakupa mtiririko, milimita 1 ikiwa paskali 9.8. Katika hesabu tumia uzito wa hewa ya Mombasa, takriban kilo 1.15 kwa mita ya ujazo wakati wa joto, badala ya 1.2 ya vitabuni. Mita za ujazo 0.1 kwa sekunde dhidi ya shinikizo la paskali 100 ni wati 10 zinazoingia hewani. Mita ya umeme ikisoma 25, ufanisi ni asilimia 40.

Kisha gundisha nyuzi fupi za pamba kwenye waya mwembamba mbele ya tundu la kutokea. Zikilala upande mmoja, msokoto umebaki: badilisha pembe ya rota ya pili kidogo kidogo, ukipima upya kila mara, mpaka zinyooke.