Somo: Kuchagua kompyuta ya kuchorea ramani za nyumba, na kuitibu ikianza kugoma

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la wanaochora nyumba kwa kompyuta: mafundi, wanafunzi wa usanifu, na mwenye kiwanja anayetaka kuiona sebule yake kabla zege halijamwagwa. Nitaongelea zaidi mashine za mtumba, maana ndizo wengi tunazozimudu. Mifano nitaitoa kwenye programu za kuchora na kutoa picha za nyumba: Sweet Home 3D, SketchUp, ArchiCAD na Lumion.

HATUA YA 1: Jua ni kazi ipi inayokukwamisha

Watu huuliza "laptopu gani nzuri ya kuchorea?" kana kwamba kuchora ni kazi moja. Ni kazi tatu, na kila moja inakula kifaa chake.

Kuchora kuta, kukata madirisha na kuinua paa ni kazi ya prosesa. Ndani ya prosesa kuna kore, yaani vichwa vinavyofanya kazi, na SketchUp, wakati unaunda modeli, hutegemea kore moja tu. Ukiwa na kore nane, saba zinakaa zinatazama. Kwa hiyo unachotafuta hapo ni kore moja yenye mbio.

Kuizungusha modeli na kutembea ndani ya nyumba ni kazi ya kadi ya picha, yaani GPU.

Kurenda, yaani kutoa ile picha ya mwisho yenye mwanga na vivuli anayoonyeshwa mteja, kunategemea programu. Sweet Home 3D hurenda kwa prosesa na hutumia kore zote ilizozikuta. Lumion hutegemea GPU kwa karibu kila kitu, na kwenye GPU dhaifu hutafurahi hata kidogo.

Kaa na kazi yako siku nzima uone unasubiri wapi. Anayesubiri picha ya Sweet Home 3D usiku kucha akienda kununua GPU ya bei kali, hela yake imepotea. Anayekwama akizungusha modeli ya SketchUp hatapona kwa kuongezewa diski ya 1TB.

HATUA YA 2: Usinunue stika ya "i7"

Hapa ndipo watu wanapopigwa sana, pale Kariakoo na kwingineko. Muuzaji anakuonyesha stika ya i7, anawasha taa za kibodi, mnaelewana bei. Lakini i7 peke yake haisemi kitu. Soma namba nzima.

Mfano: i7-7500U ina kore mbili. i5-8250U ina kore nne. Hiyo i5 ni ya kizazi cha nane, i7 ni ya kizazi cha saba, na kwenye kurenda i5 inaiacha i7 mbali tu. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni prosesa ya kuokoa umeme, iliyowekwa kwenye laptopu nyembamba, H au HQ ni ya kazi nzito. i7-6820HQ, japo ni ya kizazi cha sita, ina kore nne za kweli.

Kizazi cha nane kina faida nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Chini ya hapo kuna njia za kuiingiza kwa nguvu, ila sitamshauri mtu anayetegemea mashine kula.

HATUA YA 3: RAM, na jinsi ilivyopangwa

RAM ni kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi ikiwa imewaka. GB 8 zinatosha Sweet Home 3D na nyumba ndogo kwenye SketchUp. GB 16 ndiyo saizi ya kazi ya kawaida. Ukiingia ArchiCAD yenye ghorofa, au Lumion, fikiria 32.

Kitu wasichokwambia dukani: kama laptopu haina GPU yake, picha za Intel zinaazima RAM ya mashine. Vipande viwili vya GB 8 vinaipa njia mbili za kupitishia data, kipande kimoja cha GB 16 kinaipa njia moja. Tofauti utaiona kwenye kuzungusha modeli. Kabla ya kulipa uliza mashine ina nafasi ngapi za RAM. ThinkPad T480 ina mbili. Ndugu yake T480s, herufi moja tu imeongezeka, ina RAM iliyochomewa kwenye madabodi na nafasi moja ya kuongeza.

HATUA YA 4: GPU

Ukitaka kurenda kwa Lumion au programu za aina hiyo, nenda kwenye mashine za kazi nzito: HP ZBook, Dell Precision, ThinkPad za P. Ni nene, zina chaja kubwa kama tofali, lakini zina GPU za kweli, na mtumba wake mara nyingi haupishani bei sana na laptopu nyembamba inayopendeza machoni. Angalia kumbukumbu ya GPU yenyewe: GB 2 zinasukuma SketchUp vizuri, kwa Lumion utahitaji zaidi ya hapo, soma kiasi ambacho toleo lako linadai.

Kwa kompyuta ya mezani, jihadhari na kadi feki. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama mpya. Beba programu ya bure iitwayo GPU-Z kwenye flashi. Ikigundua ujanja huo, inaandika neno FAKE kabla ya jina la kadi.

HATUA YA 5: Diski na kioo

Diski iwe SSD (ile ya kasi, isiyo na sahani inayozunguka), basi. Kioo kiwe 1920 kwa 1080; kwenye 1366 kwa 768 vitufe vya ArchiCAD vinakula nusu ya mchoro. Kigeuze kioo pembeni uangalie rangi: kama krimu inageuka kijivu, ukutani kwa mteja itageuka ugomvi.

HATUA YA 6: Ipime hapo hapo dukani

Nenda na flashi yenye Sweet Home 3D (ni ya bure na ni nyepesi) pamoja na faili la nyumba yako iliyojaa samani. Muuzaji anayekataa usiifungue, muage kwa heshima.

Fungua faili, anza kutoa picha kwa ubora wa juu, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ingia Performance, bofya CPU, utazame namba ya Speed. Ipe dakika kumi. Mashine isiyo na ugonjwa itaanza na kasi kubwa, kisha itashuka kidogo na kutulia. Ikiporomoka mpaka chini ya GHz 1 huku feni ikilia kama mashine ya kusaga, kuna tatizo la joto au la umeme.

Wakati inarenda, fungua CrystalDiskInfo uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Kisha fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Hiyo ndiyo silaha yako ya kuomba punguzo.

HATUA YA 7: Ikigoma, anza na vya bure

Kabla hujafungua pochi, fuata mpangilio huu.

Kwanza draiva. Fungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, GPU yako haitumiki kabisa. Hiyo ni draiva ya dharura tu. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, au ya NVIDIA, AMD au Intel. Hili ndilo linaloponya skrini nyeusi na madirisha ya 3D yanayopepesa.

Pili, hakikisha programu inatumia GPU sahihi. Laptopu zenye GPU mbili hupenda kuipa programu ile ya Intel ili kuokoa betri. Ingia Settings, System, Display, Graphics, iongeze SketchUp au programu yako, chagua High performance. Bure kabisa, na wengi wanaolia kwamba NVIDIA yao haifanyi kazi hupona hapo.

Tatu, joto. Vumbi la miji yetu linajaza mapezi ya kupoozea mpaka hewa haipiti. Mpe fundi asafishe na abadilishe ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na bati la kupoozea. Kwenye mashine iliyotumika miaka mitano hiyo dawa huwa imekauka kama udongo.

Mwisho kabisa ndiyo uangalie modeli yenyewe. Hili nitalirudia kwenye maswali, maana najua litaulizwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi niko Nairobi, nimeonyeshwa MacBook Air ya M1 huko Luthuli, RAM 8GB. Itanifaa kwa ArchiCAD na Revit?

Jibu: ArchiCAD inaenda kwenye Mac vizuri. Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, haina toleo la Mac, kwa hiyo kama chuo au ofisi inaidai, iache hiyo mashine. Pia RAM ya M1 haiongezwi baadaye: ukinunua 8 utakufa na 8. Na Air haina feni, kwa hiyo kazi ndefu ya kurenda itaifanya ipunguze mwendo.

Swali: Nina Dell OptiPlex ile ndogo ya kulala. Naweza kuiwekea GPU gani? Fundi kaniambia GTX yoyote inaingia.

Jibu: Si yoyote. Kava lake linataka kadi fupi (low profile), na pawa saplai yake ni ndogo, haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tafuta kadi inayokula umeme kupitia nafasi yake ya madabodi peke yake. Quadro P620 inakula wati 40, P1000 inakula 47 na ina GB 4. Zote zina toleo fupi. Zinatumia matundu ya mini DisplayPort, kwa hiyo dai adapta siku hiyo hiyo ya kununua. GT 1030 nayo inaingia, ila kuna ya GDDR5 na ya DDR4 zenye jina lile lile. Ya DDR4 ni dhaifu sana, usiibebe. Ukishafunga, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi. Ukiuacha kwenye tundu la zamani la madabodi, umenunua pambo.

Na kama OptiPlex yako ni ile ndogo kabisa ya Micro, haina nafasi ya kadi. Pole.

Swali: Kaka, yangu inaonyesha kumbukumbu ya picha MB 128 tu! Naongezaje?

Jibu: Usihangaike na hiyo namba. Ni picha za Intel. MB 128 ndicho kiasi kilichotengwa, lakini zinaruhusiwa kuazima mpaka karibu nusu ya RAM yako. Unayo RAM kipande kimoja? Ongeza cha pili kinachofanana nacho. Angalia kwanza kama ni DDR3L au DDR4, maana mkato wa aina hizo mbili hauko sehemu moja; ukikosea hakitaingia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimenunua Precision 7510, siku mbili ilikuwa moto wa kuotea mbali, sasa hata kufungua folda ni shida. Speed inaonyesha GHz 0.79 haipandi. Virusi?

Jibu: Marahaba. Si virusi, ni chaja. Ulipoinunua ulipewa chaja gani?

Nyongeza ya muulizaji: Waliyonipa iliungua, nimenunua nyingine ya Dell ya wati 65, pini inaingia sawa. Ikiwaka inaleta maandishi fulani nabonyeza kitufe yanaondoka.

Jibu: Hayo maandishi ndiyo yenyewe. Mashine hiyo ilitoka na chaja ya wati 180. Katikati ya pini ya chaja za Dell kuna sindano nyembamba inayoiambia laptopu chaja ni ya wati ngapi. Ikisikia 65, au sindano ikiwa imepinda na haisikii kitu, inaifunga prosesa mwendo wa kobe ili isizidiwe, na wakati mwingine inakataa kuchaji betri. Tafuta ya 180 halisi. Chaja za kuiga nyingi hazina mawasiliano hayo hata zikiandikwa wati ngapi.

Swali: Nina RAM GB 32 na GPU ya NVIDIA RTX, bado SketchUp inakwama kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Nifanyeje?

Jibu: Fungua Window, Model Info, Statistics, usome idadi ya Edges na Faces. Nyumba ya vyumba vitatu haiwezi kuwa na mamilioni. Ukiyaona, kuna sofa, gari au mti ulioupakua 3D Warehouse (ghala la modeli za SketchUp mtandaoni) wenye kila jani na kila mshono. Bonyeza Purge Unused kwanza, kisha futa samani moja moja mpaka mkosaji aonekane. Mara nyingi ni mti wa nje. Weka miti bapa ya picha, uzime vivuli unapochora, uviwashe siku ya kutoa picha. Hapa kadi ghali haikusaidii sana, maana kama nilivyosema kwenye hatua ya kwanza, SketchUp inabeba mzigo kwa kore moja.

Swali: Umeme kwetu unakatika hovyo. UPS ya 650VA inatosha?

Jibu: Kwa kompyuta ya mezani ya kawaida inatosha kuhifadhi kazi na kuzima. Usitegemee kuendelea kuchora. Punguza pia muda wa Auto-save kwenye SketchUp, kwa kawaida huwa kila dakika tano. Kama unatumia laptopu, UPS ya nini? Hiyo hela weka betri mpya.