Kutuma marashi kwa ndege: namna ya kujaza tamko la bidhaa hatari

Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet namba 592 ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades, Florida, wakafa watu wote 110 waliokuwemo. Tumboni mwa ndege kulikuwa na maboksi ya mitungi midogo inayozalisha oksijeni. Karatasi ya mzigo ilisema mitungi hiyo ni mitupu, na haikuwa mitupu. Kila nikimfundisha kijana mpya kazi hii, naanza na kisa hicho. Anayepakia mzigo hafungui boksi, na rubani haoni kilichomo. Wote wawili wanaiamini karatasi uliyoijaza wewe, yaani tamko la bidhaa hatari.

Mfano wetu ni mzigo ninaoupokea mara kwa mara: katoni moja ya marashi ya kupuliza, chupa 20 za mililita 100, kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat. Jumla ni lita 2.

Hatua ya 1: Jua unachotuma

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Namuuliza mama aliyeleta mzigo, "Mama, haya marashi yana spiriti?" Ananijibu, "Mwanangu, marashi tu, hayana neno." Wala hadanganyi. Kwake hayo ni ya kujipaka na kuendea harusini. Kwa ndege ni kimiminika kinachowaka, daraja la 3.

Omba kwa mtengenezaji karatasi ya usalama wa bidhaa, ile inayoitwa SDS. Usiisome yote, nenda sehemu mbili. Sehemu ya 9 inataja kiwango cha mwako, yaani joto ambalo mvuke wa kimiminika unaweza kushika moto. Sehemu ya 14 inataja namba ya UN (namba ya Umoja wa Mataifa inayotambulisha bidhaa hatari), jina rasmi la usafirishaji, daraja (aina ya hatari) na kundi la ufungashaji (ukubwa wa hatari: I ni kubwa kuliko zote, III ni ndogo). Marashi yenye spiriti huwa UN1266. Kiwango cha mwako kikiwa chini ya nyuzi 23 za Selsiasi, na kimiminika kinachemka juu ya nyuzi 35, ni kundi la II. Kuanzia nyuzi 23 hadi 60, ni kundi la III. Spiriti ikiwa nyingi, kwa kawaida utaangukia kundi la II.

Marashi ya mafuta matupu yasiyo na spiriti ni habari nyingine. Mengi kiwango chake cha mwako kinapita nyuzi 60, kwa hiyo hayaingii daraja la 3. Lakini usikisie kwa kunusa. Mafuta ya maganda ya chungwa nayo ni mafuta, na yanashika moto kwenye nyuzi arobaini na kitu. SDS ndiyo inayoamua.

Angalia pia kilichochomekwa pembeni ya katoni. Watu wa pwani hatutumi marashi bila udi, na udi hautumwi bila makaa ya kufukizia. Makaa yana namba yake, UN1361, daraja la 4.2, vitu vinavyoweza kujiwasha vyenyewe, mpaka kipimo cha maabara kioneshe vinginevyo. Yatoe. Kopo la kupuliza lenye gesi ndani nalo si sawa na chupa ya pampu. Hilo ni UN1950.

Kama unatuma sampuli tu, ipo njia nyepesi. Marashi ya kundi la II yakiwa kwenye vichupa visivyozidi mililita 30 kila kimoja, na jumla isiyozidi mililita 500 kwa katoni, yanaweza kwenda kama kiasi kidogo kilichosamehewa. Hapo hujazi tamko, ila katoni iwe imara ya kupita majaribio yaliyowekwa, ibandikwe alama yake maalumu, na hati ya ndege, yaani karatasi ya safari ya mzigo (air waybill), iseme hivyo.

Hatua ya 2: Ongea na kampuni ya vifurushi kabla hujafunga

Si kila kampuni inachukua bidhaa hatari, na zinazochukua huwa zinataka mkubaliane kwanza. Uliza pia kama njia ya kwenda Muscat inapita nchi yenye masharti ya ziada. Mzigo unaopita Marekani, kwa mfano, unadai namba ya simu ya dharura inayopokewa saa 24.

Anayesaini tamko lazima awe amepata mafunzo ya bidhaa hatari, na mafunzo hayo hurudiwa ndani ya kila miezi 24. Kama huna, mlipe mwenye nayo. Usimpe mpwa wako asaini kwa kuwa ana mwandiko mzuri.

Hatua ya 3: Funga na bandika

Tumia katoni iliyothibitishwa, yenye mhuri wa UN na alama 4G, yaani boksi la kadibodi. Nje andika UN1266 na jina rasmi, pamoja na majina na anwani kamili za mtumaji na mpokeaji. Bandika lebo nyekundu ya daraja la 3, kisha mishale ya kuelekeza juu kwenye pande mbili zinazotazamana.

Hatua ya 4: Jaza tamko

Fomu ni ile yenye mistari myekundu ya mshazari pembeni kushoto na kulia. Inajazwa kwa Kiingereza, hata kama mtumaji na mpokeaji wote ni Waswahili.

Mtumaji na mpokeaji: andika jina na anwani kamili, neno kwa neno kama ulivyoandika kwenye katoni. Nimeshuhudia mzigo ukilala ghalani kwa sababu katoni ilikuwa na jina la duka na fomu ina jina la mwenye duka.

Aina ya ndege: maneno mawili yamechapwa, ya ndege ya abiria na mizigo, na ya ndege ya mizigo pekee. Kata lisilohusika. Lita zetu 2 zinaruhusiwa kwenye ndege ya abiria, kwa hiyo tunakata la mizigo pekee. Chini yake kata neno RADIOACTIVE (yenye mionzi), ubakize NON-RADIOACTIVE.

Mstari wa bidhaa una mpangilio wake na haupinduliwi: namba ya UN, jina rasmi, daraja, kundi. Wetu utasomeka:

UN1266, Perfumery products, 3, II

Usiandike jina la kibiashara la marashi mahali pa jina rasmi. Kisha kiasi na aina ya kifungashio: 1 Fibreboard box x 2 L. Hizo ni lita za marashi yenyewe, si uzito wa katoni. Mwisho, namba ya maagizo ya ufungashaji. Hiyo itoe kwenye kitabu cha kanuni za IATA, shirika la kimataifa la kampuni za ndege, cha mwaka huu. Toleo jipya linaanza kutumika kila tarehe 1 Januari, na fomu ya mwaka jana uliyoihifadhi kwenye kompyuta haikujui wewe wala mabadiliko.

Jina la anayesaini, tarehe, sahihi. Sahihi iwe ya mkono. Kuchapa jina kwa kompyuta hakuhesabiki. Ukikosea kwenye maelezo ya bidhaa ukarekebisha, aliyesaini asaini tena pale pale penye marekebisho, kwa sahihi ileile. Mimi fomu ikiharibika naichana na kuanza upya, maana jicho la mkaguzi hukimbilia penye mkwaruzo.

Hatua ya 5: Kabidhi

Kwenye hati ya ndege, sehemu ya maelekezo, andika: Dangerous Goods as per associated Shipper's Declaration. Peleka nakala mbili za tamko zilizosainiwa. Mkaguzi atapita orodha yake swali kwa swali, na jibu moja la hapana linatosha kurudisha mzigo. Usimkasirikie. Baada yake hakuna mwingine atakayelinganisha katoni na karatasi. Maelezo yako yatahamishiwa kwenye taarifa anayokabidhiwa rubani kabla ya kuruka, ili moto ukizuka ajue ana nini na kiko wapi.

Nakala yako itunze angalau miezi mitatu.