Mboga ya jioni ndani ya dakika ishirini

Nilikuwa mama ntilie kwa miaka sita, kibanda changu kikiwa nyuma ya gereji Buguruni, na mafundi walitaka sahani zao saa sita kamili. Siku hizi natunza stoo. Natoka kazini saa kumi na moja jioni, na foleni ikinihurumia nafika Tabata saa moja kasoro. Nyumbani tuko sita: mimi, baba watoto, watoto watatu, na mama mkwe ambaye ni Mgogo wa Dodoma na hahesabu kwamba amekula kama hajaona kijani kwenye sahani.

Miezi ya mwanzo ya kazi hii tulikula chipsi mayai za njiani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Halafu siku moja nikajiuliza: mimi niliyekuwa nalisha watu arobaini mchana, nashindwaje kulisha sita jioni? Mchicha unaiva kwa dakika nne. Kinachokula jioni ni kuchambua, kuosha, kumenya, kukuna nazi na kungoja maharage. Kibandani sikuwahi kumenya kitunguu saa sita mchana. Kazi ile iliisha alfajiri. Basi nikaihamishia Jumamosi.

Hatua ya 1: Nunua kwa kufuata umri wa mboga

Mboga hazizeeki sawa. Mchicha wa Jumamosi ukifika Jumatatu jioni umeshukuru Mungu. Matembele yanavumilia siku moja zaidi. Nyanya chungu, bilinganya na bamia zinafika Alhamisi. Kabichi na karoti zinakungoja mpaka uzione huruma. Kwa hiyo ratiba yangu ya wiki naipanga sokoni, nikiwa nimesimama mbele ya meza: laini inaliwa mwanzo wa wiki, ngumu inaliwa mwisho.

Kwa watu sita nachukua sado moja ya nyanya zilizoiva sana (zile laini ambazo muuza anataka ziondoke kabla ya jua kali, bei inashuka), kilo moja na nusu ya vitunguu, hoho nne, karoti kilo moja, kitunguu saumu, tangawizi, maharage kilo moja, nazi mbili, karanga nusu kilo, mafungu matano ya mchicha, matano ya matembele, kabichi moja, na bilinganya au nyanya chungu, chochote kilicho kizuri siku hiyo. Ndimu usisahau, nitakuambia kwa nini.

Nazi itikise sikioni. Isiyolia maji iache. Karanga zichambue moja moja ukifika nyumbani. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu tupa, wala usijishawishi kwamba moto utaisafisha: sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Hatua ya 2: Maharage yalale majini

Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda sokoni nachambua maharage niliyonunua wiki iliyopita na kuyaloweka. Ukipenda yaloweke Ijumaa usiku, muhimu yapate saa nane au zaidi. Yale maji yamwage. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali yatokote kwa dakika kumi za kweli, ndipo upunguze moto. Hizo dakika kumi zina sababu: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kutokota, na moto mdogo peke yake hauitoshi.

Magadi siweki. Yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na maharage yaliyolowekwa vizuri hayana haja nayo. Ukiwa na sufuria ya presha utamaliza kabla hujamenya vitunguu. Mimi natumia jiko la mkaa nje, gesi naiachia kazi ya ndani.

Kilo moja inatutosha mara mbili. Nayagawa pamoja na maji yake kidogo, yakipoa naweka sehemu moja kwenye friza na nyingine kwenye friji. Kama huna friji, chemsha ya siku hiyo na kesho yake tu.

Hatua ya 3: Rosti, moyo wa kazi yote

Hapa ndipo usiharakishe. Rosti ikiwa nzuri, hata kabichi ya Ijumaa italiwa bila ugomvi.

Saga nyanya zote, au zikune kwenye kikunio mpaka libaki ganda mkononi. Katakata vitunguu kilo moja. Bandika sufuria pana, weka mafuta kama vijiko vinane vya chakula, mimina vitunguu na uvipike kwa moto wa wastani mpaka vilegee na kuwa na rangi ya dhahabu hafifu. Wengi wanamwaga nyanya vitunguu vikiwa bado vyeupe, halafu wanashangaa mchuzi una ukakasi. Ngoja. Kisha weka kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, koroga mpaka harufu ibadilike, ndipo nyanya ziingie.

Sasa sikiliza sufuria. Mwanzo nyanya zinatokota kwa kelele na kurusha matone, vaa kitenge cha kazi. Baada ya muda kelele inapungua, mchuzi unakuwa mzito, na mwiko ukipita katikati unaacha njia inayochelewa kufunga. Mafuta yanaanza kujitenga pembeni, mekundu. Hapo ndipo wengi wanadhani imeungua wanaongeza maji. Usiongeze. Hapo ndipo imeiva. Karoti nne zilizokunwa na hoho zilizokatwa ndogo naziweka dakika tano za mwisho. Mwanangu wa pili anaapa kwamba hali karoti. Amekula karoti kila wiki tangu nianze mtindo huu.

Chumvi naweka kidogo sana, nitamalizia siku ya kupika. Nyanya zilizopungua maji zinakuwa na ladha kali, na maharage na dagaa kila kimoja kinataka kiasi chake cha chumvi.

Kupoza. Wiki ya pili ya mtindo huu nilifunga makopo rosti ikiwa ya moto, nikayapanga kwenye friji nikaenda kulala. Jumanne nafungua, inatoa povu na harufu ya togwa. Sado nzima ya nyanya kwenye takataka, na mama mkwe amesimama mlangoni kimya, kimya kile unachokijua. Sasa naimwaga kwenye sinia pana ipoe haraka, kisha naipima kikombe kimoja kimoja kwenye makopo ya siagi na ya aiskrimu niliyoyahifadhi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019 kopo lenye mfuniko kwangu halitupwi. Makopo matatu yanakaa friji kwa ajili ya mwanzo wa wiki, mengine friza. Kila siku asubuhi natoa kopo moja kutoka friza kwenda friji, linayeyuka lenyewe.

Hatua ya 4: Tui na karanga

Nazi ikune, isage na maji ya vuguvugu, ikamue. Tui la kwanza, lile zito, kwenye kopo lake. Rudisha machicha, maji tena, tui la pili kopo jingine. Nalitumia ndani ya siku mbili, linalobaki naligandisha. Likiyeyuka litaonekana limejitenga, likoroge tu. Karanga zikaange, zisugue maganda, zisage, zifunge vizuri.

Hatua ya 5: Majani yachambue, usiyaoshe

Jumamosi jioni watoto watatu na sinia tatu mbele ya televisheni, wanachambua. Mchicha: toa mizizi, majani ya njano na shina gumu la chini. Matembele: chukua ncha changa, shina lake lichune ule uzi kama unavyochuna maharage mabichi. Kisha kila aina izungushie kitambaa kikavu na uweke friji sehemu ya chini. Jani lenye maji linaoza. Ndiyo maana kuosha ni siku ya kupika.

Na kuosha kwenyewe kuna namna. Jaza beseni, tumbukiza majani mazima, yapekeche, kisha *yainue* kwa mikono kuyaweka kwenye beseni jingine. Mchanga unabaki chini. Ukimwaga maji huku majani yamo ndani, unaurudishia mchanga wote juu yake. Rudia mara tatu. Kata baada ya kuosha, kamwe si kabla, kwa sababu jani lililokatwa linaacha vitamini zake kwenye maji unayomwaga. Majirani zangu wengine hukata, wakaosha, kisha wakakamua kama nguo. Mboga hiyo inabaki jina.

Hatua ya 6: Jioni yenyewe

Kanuni ya kwanza: mboga haisubiri. Kama una jiko moja, songa ugali kwanza, uweke kwenye hotpoti, ndipo ubandike mboga. Ugali utakuwa wa moto nusu saa baadaye. Mchicha uliosubiri ugali umekuwa uji wa kahawia. Ukiwa na majiko mawili, maji ya ugali yabandike kabla hujavua viatu vya kazini.

Kanuni ya pili ilinichukua miaka kuijifunza: majani kwanza, nyanya baadaye. Ukali wa nyanya unaua rangi ya kijani. Jumatatu yangu inakwenda hivi: mafuta kijiko kimoja, kitunguu kidogo, dakika mbili. Mchicha uliooshwa na kukatwa unaingia, moto mkali, bila mfuniko. Utajaa sufuria mpaka uogope, baada ya dakika moja umekuwa kiganja. Geuza. Dakika ya tatu mimina tui la pili au karanga zilizokorogwa na maji vuguvugu, kisha kopo la rosti. Ikianza kutokota weka tui la kwanza, koroga upande mmoja bila kuacha ili lisikatike, likichemka mara moja tu epua. Chumvi, basi. Na mafuta hayo ya nazi au karanga yana kazi zaidi ya ladha: vitamini A ya kwenye majani na karoti inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Mchicha wa kuchemsha mtupu ni kujitesa bure.

Jumanne ni matembele na dagaa. Dagaa niliwatoa vichwa Jumamosi, nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga wakauke, nawarusha juu ya matembele mwishoni. Usiwachemshe pamoja tangu mwanzo; watasambaratika na nyumba nzima itajua.

Jumatano maharage: kopo la maharage, kopo la rosti, tui, dakika kumi na tano kwa moto mdogo. Pembeni kachumbari. Alhamisi bilinganya na nyanya chungu, au bamia na majani ya maboga kidogo nikitaka mlenda wa kumfurahisha mama mkwe. Ijumaa kabichi: ikate nyembamba, moto mkali, dakika tano, bado inakatika kwenye jino ndipo rosti iingie.

Ndimu iko mezani kila siku. Madini ya chuma ya kwenye majani na maharage yanapokelewa vizuri zaidi yakikutana na vitamini C, na ndimu naikamua sahanini, haichemshwi. Chai inafanya kinyume: inazuia hayo madini, kwa hiyo nyumbani kwangu chai ya rangi inanywewa saa moja baada ya chakula. Baba watoto alilalamika wiki mbili, akazoea.

Kisamvu kiko peke yake

Watu huniuliza kwa nini kisamvu hakipo kwenye ratiba ya jioni. Kwa sababu hakitaki haraka, na haraka yake ni hatari. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi, inayotoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Kukipika dakika ishirini usithubutu. Mimi nakipika Jumapili: kimetwangwa kwenye kinu mpaka kimekuwa kama ugoro, kinachemka kama saa moja bila mfuniko, ndipo karanga na tui vinaingia taratibu. Nikiwa na nguvu napika sufuria kubwa na kugandisha nusu. Kisamvu kilichoiva kinagandishwa vizuri kuliko mboga nyingine yoyote ninayoijua, na siku nikirudi saa tatu usiku ndicho kinachoniokoa.

Ijumaa usiku hesabu makopo. Yakibaki mawili ya rosti, Jumamosi nunua nusu sado. Yakiisha Jumatano, unatia vikombe viwili mahali pa kimoja, na naijua hiyo tabia, hata mimi ninayo kwenye maharage.