Jinsi ya kusoma ramani ya ENCODE kwa badiliko moja la damu

Sehemu za jeni zinazotoa protini hazifiki asilimia 2 ya herufi bilioni 3 za jenomu yetu, yaani DNA yetu yote. Swichi zinazoziwasha na kuzizima nyingi ziko nje ya hapo, na mradi wa ENCODE wa Marekani ulianza kuzisaka mwaka 2003. Data yake ni bure. Tutafuata badiliko moja la herufi ambalo Waafrika wengi wanalo: rs2814778 (hiyo ni namba yake ya utambulisho).

Hatua ya 1: Fika mahali penyewe. Fungua genome.ucsc.edu, tovuti ya kutazama jenomu, chagua hg38 (toleo la ramani ya jenomu ya binadamu), kisha andika rs2814778. Angalia toleo vizuri, kwa sababu makala nyingi za zamani zinatumia namba za toleo la awali, hg19, na hazilingani. Utatua kromosomu ya 1, kwenye promota ya jeni ACKR1, yaani swichi iliyo mwanzoni mwa jeni.

Hatua ya 2: Washa mistari. Shuka hadi kundi la Regulation, washa ENCODE cCREs, mstari unaoonyesha sehemu zinazodhaniwa kuwa swichi. Nyekundu ni dalili ya promota. Rangi ya chungwa na njano ni enhansa (swichi zinazoongeza nguvu ya jeni), zilizo karibu na mwanzo wa jeni na zilizo mbali.

Hatua ya 3: Chagua seli. Hapa ndipo wengi wanapopotea. DNA ya ini na ya damu ni ile ile, ila swichi zinazowashwa ni tofauti. ACKR1 hutoa protini ya Duffy, ambayo Plasmodium vivax huitumia kuingia kwenye chembe nyekundu. Herufi T ya rs2814778 ikigeuka C, GATA1, protini inayoshika DNA na kuwasha jeni, haipati pa kushika, na chembe nyekundu hukosa Duffy. Seli za kuta za mishipa midogo huendelea kuwa nayo. Kwa hiyo nenda encodeproject.org utafute GATA1 katika K562, seli za ukoo wa damu. HepG2 ni za ini, hazitakusaidia. Hata K562 zisome kwa tahadhari: zilitoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu.

Hatua ya 4: Dai ushahidi. Mwaka 2012 ENCODE ilitangaza kwamba asilimia 80 ya jenomu ina kazi za kibiokemia. Wakosoaji waliwaka, na nadhani walikuwa na haki: protini kushika DNA hakuthibitishi kwamba pale pana kazi. Kwa Duffy, uthibitisho ulipatikana 1995: promota iliunganishwa na jeni ya kupimia (inayoonyesha kama swichi inawaka), na promota yenye C ikashindwa kuiwasha katika seli za ukoo wa chembe nyekundu.

Huna maabara? Andika "huenda ni promota", na utaje seli uliyoangalia.