Ukiondoa programu, usikimbilie kumfuta mtumiaji wake

Seva ninayoitunza hapa Lamu ni ya nyumba ya wageni, kichochoro cha pili kutoka Usita wa Mui. Imekaa chini ya ngazi, mbali na mvua inayoingia kiwandani, yaani uani. Ni Debian, aina ya Linux, haina makuu.

Mwenye nyumba aliponiambia hesabu zimehamia kwingine, niliiondoa PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyozitunza, kwa `apt remove`, kisha kwa kujitia usafi nikamfuta mtumiaji wake kwa `deluser postgres`. Baada ya siku chache nikaweka mosquitto, programu ya kupokea ujumbe wa vifaa, ipokee vipimo vya matangi ya maji ya darini. Nilipofungua diski ya akiba, `ls -l` ikasema nakala zote za hesabu ni mali ya mosquitto. Nilidhani macho yangu yana usingizi.

Faili haihifadhi jina la mwenyewe, huhifadhi namba. Kwenye Debian watumiaji wa mfumo, yaani akaunti za programu na si za watu, hupewa namba kati ya 100 na 999, na `adduser` huchukua ya kwanza iliyo wazi. Mimi niliiacha wazi 112, namba ya postgres, mgeni akaingia na kurithi kila kilichoachwa. Ndiyo maana vifurushi vingi vya Debian vikiondoka humwacha mtumiaji wao palepale. Watu hudhani ni uzembe wa waliovitengeneza.

Siku hizi naanza na `id postgres`, naiandika namba kwenye daftari. Halafu `ps -u postgres` na `crontab -l -u postgres`, nione kama kuna kazi inayoendelea au iliyopangiwa muda. Ndipo `apt purge`, ambayo huondoa na mipangilio, tofauti na `remove`. Ikikuuliza kuhusu data, soma swali kabla ya kubonyeza.

Kisha msako:

`find / -xdev -uid 112 -ls`

Hilo `-xdev` huizuia isivuke kwenda diski nyingine, kwa hiyo rudia amri kwa diski ya akiba. Hapo ndipo mimi nilipoumbuka. Unachokitaka kibadilishe mmiliki kwa `chown root:root`, usichokitaka futa.

Mtumiaji mwenyewe namfungia tu:

`usermod -L -e 1 -s /usr/sbin/nologin postgres`

`-L` peke yake hufunga nywila, lakini ufunguo wa SSH, wa kuingilia kutoka mbali, unaweza bado kupita. `-e 1` ndiyo inayomalizia akaunti muda wake. Na postgres huja na `/bin/bash`, programu ya kuandikia amri, kwa hiyo hiyo nologin inayomnyima si mapambo. Mstari mmoja uliobaki kwenye `/etc/passwd` haumli mtu. Namfuta kabisa pale tu msako usipoleta kitu kwenye diski zote.

Kama umeshafuta kama mimi na namba haijapata mwenyewe mpya, `find / -xdev -nouser` itakuonyesha mayatima. Ikishachukuliwa, amri hiyo haioni kitu. Mimi ilibidi nipekue faili za mosquitto moja moja, feni ya seva ikivuma, mpaka adhana ya alfajiri.