Jinsi jiji la Marekani linavyoomba dhamana ya mkopo wa serikali kuu
Anza na hesabu. Chini ya Kifungu cha 108 cha sheria ya nyumba na maendeleo ya jamii ya mwaka 1974, jiji hudhaminiwa mkopo usiozidi mara 5 ya ruzuku ya maendeleo ya jamii anayopewa na serikali kuu kila mwaka, ukiondoa deni la nyuma la aina hiyo. Jiji lenye ruzuku ya dola milioni 2 na lisilo na deni hilo, basi, ukomo wake ni milioni 10. Itisha mkutano wa hadhara kabla ya kupeleka maombi Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Ruzuku zijazo huwekwa rehani, pamoja na dhamana ya ziada. Hapo madiwani wasiharakishe: jengo lililokarabatiwa kwa mkopo huo lisipopata wapangaji, deni la hadi miaka 20 litalipwa kwa fedha za ruzuku zilizokusudiwa hasa wakazi wa kipato cha chini.